Catarina na foleni ya wachumba: riwaya za haremu zinanasaje, na kwa nini baadaye zinachosha

Ukikaa na vijana wanaofuatilia katuni za Kijapani, haupiti muda utasikia maneno mawili: isekai na haremu. Mzazi akilisikia la pili hushtuka, na si ajabu. Wapo wanaodhani ni picha chafu zilizovikwa joho la katuni. Wapo wanaodhani ni visa vya masultani. Na wapo wanaosema kwa kujiamini kabisa kwamba ukishasoma moja umezisoma zote. Kati ya madai hayo matatu, la mwisho lina chembe ya ukweli, nasi tutalifikia.

Kuzieleza riwaya hizi kwa ujumla ni kazi bure, kwa sababu ni maelfu kwa maelfu. Afadhali kuichukua moja na kuifungua. Nimechagua ya mwandishi Satoru Yamaguchi, inayomhusu binti aitwaye Catarina Claes. Ilianza kutoka mtandaoni mwaka 2014, mwaka uliofuata ikawa kitabu, mwaka 2020 ikawa katuni ya televisheni, msimu wa pili ukafuata 2021, na Desemba 2023 ikatoka filamu yake nchini Japani. Jina lake la Kijapani ni refu kama sentensi ya barua. Kwa Kiswahili lingekuwa kitu kama "Nimezaliwa upya nikawa binti mwovu wa mchezo wa otome asiye na mbele ila maangamizi". Mashabiki walichoka mapema, wakalikata likawa Hamefura.

Haremu, kwa maana ya hadithi hizi, ni pale mtu mmoja anapopendwa na watu wengi kwa wakati mmoja, na mwandishi anagoma kuamua nani atampata. Ni hilo tu. Si lazima pawe na ndoa ya wake wengi, na katika kazi nyingi za kuchekesha hata busu ni tukio la kusubiriwa vitabu vitatu. Msomaji wa pwani anaweza kuzikumbuka nyumba za kifalme za Zanzibar ambazo Sayyida Salme alizieleza katika kumbukumbu zake zilizochapwa Ujerumani mwaka 1886. Aziweke kando. Kule kulikuwa na masuria, watoto, mirathi na siasa nzito za ukoo. Huku kuna foleni ya wapenzi mbele ya dirisha lisilofunguliwa.

Isekai ni ulimwengu mwingine. Mtu wa kawaida wa Japani, mara nyingi mwanafunzi au mfanyakazi wa ofisini, anatoka duniani kwetu na kuibukia kwenye nchi ya majumba ya mawe, panga na uchawi. Wengine huitwa kule na miili yao ile ile. Wengine hufa kwanza, wakazaliwa upya na kumbukumbu zao zote kichwani. Watu huuliza kama hapa pana mahubiri ya dini. Ni kweli Ubuddha una mafundisho kuhusu mzunguko wa kufa na kuzaliwa, ndiyo maana msomaji wa Japani hahitaji kuelezwa jambo hilo linawezekanaje. Lakini waandishi hawa hawahubiri chochote. Kifo ni mlango wa kumwingiza mhusika ndani ya hadithi, na mlango huo hufungwa haraka sana. Binti wa shule aliyegeuka Catarina alikuwa na miaka 17, akakesha akicheza mchezo wa kompyuta, akachelewa, akapata ajali ya barabarani akikimbilia shule. Mistari michache, kwisha.

Limebaki neno otome. Ni michezo ya kompyuta ya mapenzi inayotengenezwa kwa ajili ya wasichana. Wa kwanza, Angelique, ulitolewa na kampuni ya Koei mwaka 1994. Mchezaji anakuwa msichana mmoja, mbele yake wamepangwa vijana kadhaa, na kila kijana ana njia yake. Unachagua maneno ya kumjibu, unachagua pa kwenda, na mwishoni unapata mwisho mwema au mwisho mbaya kulingana na ulivyochagua.

Sasa twende kwenye hadithi yenyewe. Sisi tuliokulia vibanda vya video tunajua kila picha ina steringi na adui, na kwamba steringi hafi. Yamaguchi anauliza: vipi ukiamka siku moja ukagundua wewe ndiye adui, na picha yenyewe umeshaiona hadi mwisho?

Catarina ni binti wa kabaila mkubwa, mjeuri, amedekezwa mpaka akaharibika. Akiwa na miaka minane anatembezwa bustanini na mwanamfalme Geordo, anajikwaa, anagonga paji la uso kwenye jiwe. Homa inampanda, na ndani ya homa maisha yake ya awali yanamrudia. Anautambua ulimwengu aliomo: ni ule ule mchezo aliokesha akiucheza. Na anajikumbuka yeye ni nani mle ndani. Ni yule anayemwonea steringi, msichana maskini aitwaye Maria. Maria akipata mwisho mwema na Geordo, Catarina anafukuzwa nchini bila kitu. Maria akipata mwisho mbaya, Catarina anakufa kwa upanga wa Geordo. Kwa njia ya Keith, mtoto aliyeletwa kulelewa nyumbani kwao, mambo ni yale yale: kufukuzwa au kuuawa, safari hii kwa uchawi.

Mtu mwenye akili za kawaida angeanza kupanga hila. Catarina anaitisha kikao. Kikao chenyewe kinafanyika kichwani mwake, wajumbe ni yeye mwenyewe mara tano, kuna mwenyekiti, kuna mwoga, kuna asiyejali chochote, na maazimio yanapitishwa kwa sauti moja. Azimio la kwanza: ajifunze upanga, ili Geordo akija kumuua ajitetee. La pili: ajifunze kulima, maana akifukuzwa atahitaji kula. Basi binti wa kabaila anajifunga kilemba, anashika jembe na kutifua bustani ya nyumba ya baba yake huku mtumishi wake Anne akitamani ardhi impasukie aingie. Halafu anasikia Geordo anaogopa nyoka. Miaka inapita akitengeneza nyoka wa bandia, kila mwaka wakizidi kufanana na nyoka wa kweli, ili siku ya kifo ikifika amtupie mwanamfalme mmoja apate nafasi ya kukimbia. Kumbuka mwanamfalme huyo ni mchumba wake.

Hapa ndipo penye siri ya kicheko, na inafaa kuisimamia kidogo. Kila anachokifanya Catarina kujiokoa kinazaa mapenzi, na yeye haoni. Tazama kisa cha Keith. Siku moja mtoto huyo anamuumiza Catarina kwa bahati mbaya kwa sanamu la udongo aliloliumba kwa uchawi, naye anajifungia chumbani kwa hofu ya kuumiza wengine. Kwenye mchezo, upweke wa chumba hicho ndio unaomharibu Keith na mwishowe kumletea Catarina balaa. Kwa hiyo Catarina anachukua shoka, anaupasua mlango, kisha anapiga magoti kumwomba msamaha. Yeye ameondoa hatari moja kwenye orodha. Keith amepata mtu wa kwanza maishani aliyevunja mlango ili amfikie.

Kisa cha Mary kimefumwa kwa ustadi zaidi. Mary ni binti mnyonge, dada zake wanamsimanga. Mboga za Catarina zinanyauka, Mary anajua mimea, anamsaidia, na Catarina anamsifu kwamba ana mikono yenye baraka kwa mimea. Maneno hayo, kwenye mchezo, yalikuwa ya mwanamfalme Alan. Ndiyo yaliyopaswa kumfanya Mary ampende Alan. Catarina amemwibia mwanamfalme mstari wake bila kujua, na kuanzia hapo Mary ni wa Catarina, moyo na roho. Alan anakuja kulalamika kwamba mchumba wake anarubuniwa, wanaishia kushindana kupanda miti, na kabla hajajijua naye yumo kwenye foleni. Nyuma yake wanajipanga Sophia na kaka yake Nicol, na wanapofika chuo cha uchawi, Maria mwenyewe, yule steringi aliyepaswa kuwa sababu ya kifo chake.

Umeona foleni ina wavulana na wasichana. Hivyo dai kwamba haremu daima ni ndoto ya mwanamume mmoja kuzungukwa na wasichana linaanguka hapo hapo. Zipo nyingi za namna hiyo, hakuna ubishi, na ndizo zenye sifa mbaya zaidi. Katika baadhi yake mtu mzima wa miaka thelathini na kitu anazaliwa upya kama mtoto, akili yake ikibaki ya mtu mzima na macho yake yakiwafuata wasichana wadogo. Nyingine zina shujaa anayenunua watumwa wa kike, na msomaji anaombwa amwone mkarimu. Mzazi anayeuliza mwanawe anasoma nini ana haki ya kuuliza. Asichotakiwa kufanya ni kudhani jibu. Catarina, kwa mfano, hana tamaa ya mtu yeyote. Tamaa yake kubwa ni keki.

Kuna jambo la kuchekesha kuhusu huyo binti mwovu. Wasomaji wengi hudhani ametolewa moja kwa moja kwenye michezo ya otome. Ukienda kwenye michezo halisi, adui wa sampuli hii, mchumba mjeuri anayeaibishwa mbele ya watu na kufukuzwa, ni nadra. Waandishi wa mtandaoni ndio waliomnenepesha. Mmoja aliandika, wa pili akamjibu, wa tatu akageuza kibao, hadi likawa zao linalojitegemea na lenye kanuni zake, likiiga michezo ambayo kwa sehemu kubwa haikuwahi kuwepo.

Na hilo linatupeleka jikoni zinakopikwa. Riwaya ya Yamaguchi ilitokea kwenye jukwaa la Kijapani liitwalo Shōsetsuka ni Narō, yaani "Tuwe waandishi", lililoanzishwa mwaka 2004. Yeyote anaweza kuandika, yeyote anaweza kusoma bure. Hakuna mhariri mlangoni. Kinachoamua nani aonekane ni pointi. Kwa utaratibu wa sasa, msomaji akiihifadhi hadithi kwenye orodha yake inapata pointi 2, akiipa nyota inapata nyingine hadi 10. Pointi hizo hupanga orodha ya siku, ya wiki, ya mwezi. Wachapishaji wa vitabu huchungulia orodha hizo na kuchukua zinazopanda. Hadithi za kuhamia au kuzaliwa katika ulimwengu mwingine zilitawala orodha kiasi kwamba mwaka 2016 jukwaa lilizitengea orodha yao peke yake, ili wengine nao wapumue.

Msomaji wa Afrika Mashariki anayefuata simulizi za WhatsApp na Facebook anaujua mwendo huu bila kufundishwa. Sehemu ya 14 inaishia mlango unagongwa usiku, ITAENDELEA, na msimamizi wa kundi anaulizwa kila saa sehemu ya 15 iko wapi. Mwandishi wa namna hiyo hajui kesho ataandika nini. Anajua tu kwamba leo asipoacha watu na hamu, kesho hawatarudi.

Ukilifahamu hilo, mengi yanajieleza. Jina refu kama sentensi? Msomaji anapitisha kidole kwenye orodha ndefu, na jina ndilo tangazo pekee mwandishi alilonalo. Sura fupi? Zinasomwa kwenye simu, ndani ya treni. Dunia inayofanana na nyingine mia, yenye makabaila, chuo cha uchawi na mkate wa Kizungu? Msomaji keshaijua, hahitaji kurasa hamsini za ramani, mwandishi anaingia moja kwa moja kwenye mzaha. Watu huita huu uvivu. Mimi naona ni makubaliano: mandhari ya kukodi, ili nguvu zote ziende kwa wahusika. Kwa Catarina yalilipa. Uchawi wake ni wa udongo na ni dhaifu mpaka aibu, uwezo wake wote ni kuinua kakichuguu kadogo ardhini. Dunia yenye uchawi mzito na vita vya majeshi ingemmeza.

Kasoro nazo zinatoka jiko hilo hilo.

Ya kwanza ni kurudia. Katika riwaya, tukio likishasimuliwa na Catarina, mara nyingi linarudiwa kwa macho ya Geordo, halafu Keith, halafu mwingine. Mara ya kwanza ni raha tupu. Umemwona Catarina akiwa na hakika kwamba mwanamfalme anatafuta kisingizio cha kuuvunja uchumba, sasa unaingia kichwani mwa mwanamfalme na kukuta kijana aliyekuwa amechoshwa na dunia yote, ambaye alimposa kwa kisingizio cha kovu la paji la uso ili tu wasichana wengine wasimsumbue, na sasa hawezi kukaa mbali naye. Mara ya sita, unajua atakachosema kabla hajafungua mdomo: alikuwa mpweke, akaja Catarina, akaona mwanga. Mtandaoni, sura zikiachana kwa siku kadhaa, marudio hayo humkumbusha msomaji alipoishia. Kwenye kitabu unachokisoma kwa siku mbili, ni kama kusikiliza mashahidi sita wa ajali moja, wote wakiwa wamesimama kona moja.

Ya pili ni kwamba foleni inawameza waliojipanga ndani yake. Sophia alikuwa na kisa chake, mtoto mwenye nywele nyeupe na macho mekundu aliyeitwa wa laana. Maria, msichana wa kawaida aliyezaliwa na uchawi wa nuru, alitengwa na kijiji kizima. Ni visa vizito. Wakishakutana na Catarina, visa vinafungwa, na kuanzia hapo kazi yao kubwa ni kumtazama kwa mapenzi na kusukumana pembeni. Mary anaokoka kidogo kwa sababu anageuka mjanja wa kutisha: anatumia akili nyingi kumzuia Alan asitambue kwamba naye anampenda Catarina. Ni mzaha bora kuliko yote kitabuni, na unadokeza hadithi ambayo ingeandikwa kama wahusika wa pembeni wangeruhusiwa kuwa na mipango yao.

Ya tatu ndiyo kubwa, na sioni ikitajwa inavyostahili. Watu hulalamika kwamba Catarina ni mjinga, hata mashabiki wamempachika jina la utani, Bakarina, kutokana na neno la Kijapani la mpumbavu. Lakini katika vitabu viwili vya mwanzo upofu wake una sababu, na sababu ni nzuri. Anaogopa kufa. Kila tabasamu la Geordo analisoma kwa kutumia mchezo aliouchezea chumbani, ambao ulimwambia kijana huyu ni muuaji wake. Mtu anayetazama panga hatazami maua. Ndiyo maana tunacheka na kumhurumia kwa pamoja, na ndiyo maana mwisho wa kitabu cha pili, hatari inapotokea upande ambao hakuutazamia kabisa, una uzito usiotarajiwa kwenye kitabu cha mizaha.

Kisha hatari inapita. Chuo kinaisha mwaka wake wa kwanza, mchezo kama alivyoujua umefika tamati, yu hai. Na hapo sababu ya upofu imeondoka, lakini upofu umebaki. Haelewi hata akitamkiwa wazi. Sasa hatuna tena binti mwenye hofu aliyekosea kusoma dalili. Tuna binti asiyesikia kwa sababu mwandishi amemziba masikio, maana siku akisikia, foleni itavunjika, na foleni ndiyo bidhaa. Yamaguchi anajaribu: analeta utekaji, uchawi wa giza, nchi jirani, hadi mchezo wa pili ambao Catarina hakuwahi kuucheza. Mbinu hii ya mwisho ni ya akili, inamrudishia hofu kiasi. Haitoshi kurejesha kile kilichoyafanya mapenzi yote yale yasionekane.

Hii ndiyo chembe ya ukweli niliyoiahidi. Riwaya hizi hazifanani mwanzoni. Mwanzoni kila moja ina wazo lake, na la Catarina ni miongoni mwa mawazo bora yaliyotoka kwenye jukwaa lile. Zinafanana katikati, pale wazo linapokwisha na pointi bado zinaingia. Mwandishi wa tamthilia ya jukwaani angeshusha pazia. Mwandishi wa mtandaoni mwenye wasomaji wanaorudi kila wiki na mchapishaji anayesubiri kitabu kingine ana sababu chache sana za kulishusha.

Kwa anayetaka kuonja: msimu wa kwanza wa katuni, sehemu 12, unachukua takriban vitabu viwili vya mwanzo na kupunguza yale marudio, kwa kuwa kamera inaweza kuonyesha uso wa Keith na uso wa Catarina kwa pamoja bila kusimulia mara mbili. Kikao cha wajumbe watano pia kinachekesha zaidi kikionekana. Anayependa kusoma aanze na vitabu hivyo viwili, kisha aamue kama Mary peke yake anamtosha kuendelea na cha tatu. Mimi alinitosha hadi cha tano.